Nchi Iliyojaa na Nchi Tupu: Sababu za Mtawanyiko wa Watu

Msafiri aondokaye Tabora kwa gari moshi kuelekea Mwanza hupita kwanza katika misitu ya miombo kwa muda mrefu. Miti imesimama pande zote mbili za reli, vituo ni vidogo, na kati ya kituo na kituo ni nadra kuona moshi wa jiko. Kisha, kabla ya kufika Shinyanga, miti hupungua na nchi hufunguka. Huonekana mashamba ya pamba, mahindi na mpunga, makundi ya ng'ombe, na nyumba zilizotapakaa hadi upeo wa macho. Hakuna mlima uliovukwa, wala hakuna mto mkubwa unaozitenga nchi hizo mbili. Mvua nayo haielezi tofauti hiyo, kwani Tabora haipati mvua haba kuliko Shinyanga. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga kila kilomita ya mraba ilikuwa na watu karibu 120, ilhali katika Mkoa wa Tabora walikuwa wapatao 45 tu.

Kwa nini watu wajazane huku na kupungua kule? Swali hili ni la zamani katika elimu ya jiografia, na jibu lake si moja. Aidha, si swali la darasani pekee. Mara nyingi nchi yenye watu wachache imehesabiwa kuwa nchi tupu inayongoja mtu wa kuitumia, na waliodhani hivyo bila ya kuuliza sababu za utupu huo wamepata hasara, au wamewatia wengine hasarani.

SURA YA DUNIA

Wataalamu hupima jambo hili kwa kuigawa idadi ya watu kwa ukubwa wa eneo wanamoishi. Jibu lipatikanalo huitwa msongamano wa watu. Mwishoni mwa mwaka 2022 idadi ya watu duniani ilifikia bilioni 8. Kama wangegawanywa sawasawa juu ya nchi kavu yote, isipokuwa bara la barafu la kusini, kila kilomita ya mraba ingepata watu karibu 60. Lakini mgawanyo huo haupo popote ila katika hesabu. Nchini Bangladesh kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 1,100. Nchini Mongolia ina watu 2 tu. Zaidi ya nusu ya wanadamu wote wanaishi katika bara la Asia, na wengi wao wamekusanyika katika mabonde ya mito mikubwa kama Ganga na Yangtze, ambako mpunga hulisha watu wengi kwa eneo dogo.

Wastani wa nchi nzima nao huweza kumdanganya msomaji. Mathalani, mtu akitazama ramani ya Misri ataona nchi pana. Lakini takriban watu wote wa Misri wanaishi katika ukanda mwembamba wa Mto Naili na delta yake, ambao ni kama sehemu moja tu katika ishirini ya nchi hiyo. Sehemu kumi na tisa zilizobaki ni jangwa. Kwa hiyo ni lazima kutazama ndani ya nchi, si mipaka yake tu.

Tanzania yenyewe ni mfano mzuri. Clement Gillman, mhandisi aliyefanya kazi ya reli na baadaye ya maji katika Tanganyika kwa miaka mingi, alichora ramani ya watu wa nchi hii, iliyochapishwa mwaka 1936. Ramani hiyo ilionyesha kwamba watu wengi walikaa pembezoni, mfano wa pete iliyokatika hapa na pale: Kilimanjaro na Meru, Upare na Usambara, sehemu za pwani, Rungwe, kisha magharibi na kandokando ya Ziwa Viktoria. Katikati, na kusini mashariki, palikuwa na mapengo makubwa yasiyo na wakazi wa kudumu. Tangu wakati huo watu wa Tanzania Bara wameongezeka mara nyingi, na jumla ya watu wa Jamhuri ya Muungano katika sensa ya 2022 ilifika milioni 61.7. Mapengo mengi yamepungua, lakini umbo la pete hiyo bado linaonekana.

MAJI, UDONGO NA MWINUKO

Sababu ya kwanza ni maji. Binadamu anaweza kuvumilia joto na baridi kwa nguo na nyumba, lakini hawezi kulima pasipo maji. Gillman mwenyewe alisisitiza kwamba jambo la kuuliza si wingi wa mvua kwa mwaka tu, bali ni kama maji ya kunywa yanapatikana wakati wa kiangazi. Katika sehemu kubwa ya Tanzania ya kati na kusini, mvua hunyesha msimu mmoja, kisha hufuata miezi sita au zaidi ya ukavu. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na hata hizo hazina hakika. Mvua yaweza kuanza vizuri, mbegu zikaota, kisha ikakatika majuma matatu na mazao yakanyauka.

Sababu ya pili ni udongo. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, unaonyesha jinsi maji na udongo vinavyosaidiana. Udongo wake umetokana na mawe ya volkano na una rutuba nyingi. Upepo utokao bahari ya Hindi hulazimika kupanda mlima, hupoa, na kuangusha mvua. Katika sehemu za kati za mteremko wa kusini, mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, ilhali tambarare zilizo chini, mwendo wa saa chache kwa miguu, hupata nusu yake au pungufu. Kadhalika, kwa sababu ya mwinuko, baridi huwapunguza mbu wa malaria. Si ajabu basi kwamba Wachaga walijenga huko vihamba vyao vya migomba, wakaongoza maji kwa mifereji yao ya jadi iitwayo mifongo, na kuyaacha mabonde ya chini kwa malisho na mazao ya msimu.

Asili hiyo hiyo huonekana mbali na Afrika. Visiwa vya Java na Borneo katika nchi ya Indonesia ni majirani. Vyote viwili vina joto na mvua tele. Lakini Java, ambayo ni ya volkano, ina watu zaidi ya milioni 150, yaani zaidi ya 1,100 kwa kilomita ya mraba. Kalimantan, sehemu ya Borneo iliyo chini ya Indonesia, ni pana zaidi ya mara nne kuliko Java, nayo ina watu wapatao 30 tu kwa kilomita ya mraba. Udongo wake mwingi ni mkongwe, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno hata chakula cha mimea kikabaki kidogo. Msitu mnene ulio juu yake humdanganya mgeni: rutuba imo katika miti na majani yaozayo, wala si katika ardhi yenyewe.

MBUNG'O NA PORI

Turudi sasa kwenye reli ya Tabora. Udongo wa miombo nao ni mkongwe, wa mchanga, na huchoka baada ya misimu michache. Lakini juu ya hayo yupo adui mwingine, naye ni mdudu. Mbung'o huishi kwa kunyonya damu, na baadhi ya jamii zake hupenda kivuli cha miombo. Anapouma huweza kupitisha vijidudu viitwavyo tripanosoma, ambavyo huleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Penye mbung'o wengi ng'ombe hawakai. Pasipo ng'ombe hakuna samadi ya kurutubisha shamba, hakuna jembe la kukokotwa, wala hakuna maziwa. Mkulima hubaki na jembe la mkono, na shamba likichoka huhamia pengine. Kilimo cha namna hiyo huhitaji eneo kubwa kwa watu wachache.

Mbung'o ana udhaifu wake. Jike hazai mayai mamia kama nzi wa kawaida, bali huzaa buu mmoja mmoja, ambaye hujichimbia katika udongo wenye kivuli. Kivuli kikiondolewa, kizazi chake hukatika. Katika miaka ya 1920 na 1930, C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, alishirikiana na watemi wa Usukuma, na maelfu ya watu wakatoka kwa zamu kufyeka vichaka huko Shinyanga. Mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakasonga mbele. Kwa hiyo uwazi anaouona msafiri dirishani haukuumbwa na asili peke yake. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya watu.

Hapa ndipo penye fumbo la jambo hili. Watu wengi huweza kufyeka pori na kumfukuza mbung'o. Watu wachache hawawezi. Kwa hiyo palipo na watu wengi pana nafasi ya kuwapokea wengine, na palipo na wachache pori huendelea kuwazuia wengine wasije. Idadi ya watu ni matokeo ya mazingira, na papo hapo ni mojawapo ya nguvu zinazoyaumba mazingira.

Ufyekaji huo nao ulikuwa na gharama. Shinyanga ilipoteza miti mingi kupita kiasi, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI kwa kifupi. Wananchi walihimizwa kurudisha ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kufungwa kwa msimu, desturi waliyoachiwa na wazee wao.

KISIWA CHA UKARA

Kama udongo na mvua vingekuwa sababu pekee, kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria kingekuwa na watu wachache. Udongo wake umetokana na mawe ya matale, ni wa mchanga na hauna rutuba ya kujivunia. Hata hivyo, kisiwa hicho, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 80, kimekuwa maarufu tangu zamani kwa wingi wa watu wake.

Siri yao ni kazi. Wakara hufunga ng'ombe ndani, huwakatia majani na kuwaletea, na samadi huchimbuliwa na kupelekwa shambani. Katikati ya uwele hupandwa marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha hufukiwa ardhini uwe mbolea. Njugu mawe huzungushwa kwa zamu na nafaka. Kazi hiyo ni ngumu, na Mkara aliyehamia bara, ambako ardhi ni tele, aghalabu huiacha. Jambo hili lina fundisho: watu hawakai tu mahali palipo na rutuba, wakati mwingine hukaa kwanza, kwa usalama wa kisiwa au kwa kukosa pa kwenda, kisha huitengeneza rutuba wenyewe.

NCHI ILIYOFANYWA TUPU

Kinyume cha Ukara ni Mkoa wa Lindi. Una eneo la kilomita za mraba zipatazo 66,000, yaani mara mbili na nusu ya nchi ya Rwanda. Rwanda ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu milioni 13.2, Lindi, katika mwaka huo huo, ilikuwa na watu milioni 1.2, yaani 18 kwa kilomita ya mraba. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya Lindi ni miombo yenye kiangazi kirefu na mbung'o. Lakini mtu akiishia hapo atakuwa amesoma nusu ya kitabu.

Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kuja Kilwa ilikuwa mojawapo ya njia kubwa za biashara ya watumwa, mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku baharini mwaka 1873, na hata baada ya hapo iliendelea kwa siri. Vita vya Wangoni viliwasukuma watu huku na huko. Kuanzia miaka ya 1890 sotoka, maradhi ya mifugo yaliyoingia kutoka kaskazini mwa Afrika ya Mashariki, yaliua ng'ombe na wanyama pori katika sehemu kubwa ya bara. Kisha ikaja Vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walihesabu vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekisia kwamba vilifika mara tatu au nne ya hivyo. Kabla watu hawajapata nafuu, Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliifanya nchi hiyo hiyo kuwa uwanja wa mapigano, vyakula vikatwaliwa na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi.

Watu walipopungua, vichaka vilirudi katika mashamba yaliyoachwa. Vichaka vilirudi na wanyama pori, na wanyama wakaja na mbung'o. John Ford, mtafiti aliyeshughulika na mbung'o kwa miaka mingi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na njia zao za kuishi na maradhi hayo, na kwamba misukosuko ya mwanzo wa ukoloni ndiyo iliyoivuruga mizani hiyo. Serikali ya Waingereza iliona pori na malale, ikaamua kuwakusanya watu. Katika miaka ya 1940 maelfu ya wakazi wa magharibi ya Liwale walihamishwa, na nchi waliyoiacha ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Leo sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019. Mtalii aendaye huko huambiwa kwamba anaiona asili isiyoguswa. Ukweli ni kwamba katika baadhi ya sehemu hizo walikuwako wakulima, na makaburi ya wazee wao yamo humo.

Hata baada ya Uhuru, umbali uliendelea kuitenga nchi ya kusini. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na mafuriko yalipokuja barabara ilikatika kwa majuma mengi. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003 tu.

HASARA YA KUTOULIZA

Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Iliazimiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nchi hizo zilichaguliwa kwa sababu zilikuwa na watu wachache, na uchunguzi wake ulifanywa kwa majuma machache, sehemu kubwa ukiwa wa kutazama kutoka angani. Huko Kongwa udongo wa mfinyanzi uliganda kama tofali mvua ilipokatika, na karanga hazikung'oleka. Visiki vya vichaka vilivunja majembe ya matrekta. Mwaka 1951 mpango ulikomeshwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Wagogo waliolisha mifugo katika nchi hiyo walijua tangu hapo kwamba mvua zake haziaminiki. Uchache wao ulikuwa ndio jibu lililoandikwa juu ya ardhi, lakini wapangaji hawakulisoma.

Si kwamba utupu haubadiliki. Dar es Salaam ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla ya Sultani Majid kuanza kujenga hapo katika miaka ya 1860. Wajerumani waliifanya makao makuu mwaka 1891, reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na bandari ikavuta kila kitu. Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu milioni 5.4. Udongo haukubadilika, kilichobadilika ni uamuzi wa serikali, njia na kazi. Hata mbung'o si adui wa milele: kisiwani Unguja aliangamizwa katika miaka ya 1990 kwa kuachiliwa madume waliotiwa utasa kwa mionzi.

Kwa hiyo mwenye kutazama ramani ya watu hapaswi kusema kwamba asili imeamua, wala asidhani kwamba fedha na mashine zaweza kuamua lolote. Mvua, udongo na maradhi huweka masharti. Kazi na maarifa ya watu huyapanua masharti hayo. Vita, biashara na amri za serikali huweza kuujaza mji au kuifuta wilaya katika kizazi kimoja.

Jambo hili lina uzito kwa siku hizi. Vihamba vya Kilimanjaro vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vingine havitoshi kulisha kaya. Wafugaji wa Usukuma wamesambaa hadi Rukwa, Mbeya na Morogoro. Mwaka 2006 na 2007, walipoondolewa katika bonde la Usangu, wengi walielekezwa Lindi, kwa kuwa Lindi ilionekana kuwa na nafasi. Wakulima waliokuwako waliona ng'ombe wakiingia katika visima vya kiangazi na katika mashamba yaliyopumzishwa, na magomvi yakazuka. Kwa hesabu ya kilomita za mraba nafasi ilikuwapo. Kwa hesabu ya maji ya mwezi wa Oktoba, haikuwapo.

Shamba lililopumzishwa si shamba lililotupwa, na malisho ya msimu si nchi isiyo na mwenyewe. Kabla ya kuamua nani ahamie wapi, ni wajibu wa mpangaji kuuliza maswali matatu: maji ya kiangazi yako wapi, udongo huchoka baada ya misimu mingapi, na ni akina nani waliokaa hapa zamani na kwa nini waliondoka. Majibu ya maswali mawili ya kwanza hupatikana kwa vipimo. La tatu hujibiwa na wazee wa mahali hapo, nao hawana budi kuulizwa mapema, maana kila mwaka wanapungua.